Radhi Kutoka Kituoni

Sauti ya marehemu iliingia chomboni wakati Kidawa Makame akiukanda mfuko wa chai ya tangawizi ili sukari iyeyuke. Taa ya kijani iliwaka juu ya meza ya mawasiliano, na chini yake yakatokea maneno aliyokuwa akiyaogopa tangu jana: *Kwa rubani. Kutoka kwa mama.*

Aliuachia mfuko, ukaelea.

Mama wa rubani alikuwa amezikwa Rungwe wiki tatu zilizopita. Kidawa alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyepokea taarifa kutoka Kituo cha duniani, na Nahodha Rhobi alilijua kwa sababu Kidawa alimpelekea. Wawili hao wakakubaliana kunyamaza. Halikuwa jambo gumu. Kwao Kidawa, Pemba, mwenye akili zake hampi msafiri habari ya msiba akiwa njiani. Unamwambia mama anaumwa kidogo, njoo. Akishavuka kizingiti, akishakaa katikati ya watu wa kumshika, ndipo anaambiwa. Kwao Nahodha, Tarime, ni vivyo hivyo. Walimficha Lusekelo, rubani wao, kwa moyo mweupe, kama ndugu wanavyofichana.

Lakini hawakuwa wamekubaliana kuhusu hii taa ya kijani.

Alimwita Nahodha. Rhobi alikuja akijivuta kwa vishikio vya ukutani, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushei, mvi zimefungwa kwa kitambaa cha rangi ya udongo. Nyuma yake, katika dirisha la mviringo, Mirihi ilikuwa imejaa tele, nyekundu, na nusu yake imefunikwa na vumbi kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Umeusikiliza ujumbe?" Rhobi aliuliza.

"Bado."

"Basi usiusikilize. Mpelekee."

"Ni wa kutengeneza, Nahodha."

"Najua ni wa kutengeneza. Unadhani mimi ni mtoto?"

Mashine iliyoutengeneza iliitwa Mwangwi. Wasafiri wa zamani waliipenda. Ujumbe kutoka nyumbani ulipokuwa ukikatwakatwa njiani na dhoruba za jua, Mwangwi iliziba matundu: ilijua sauti ya mkeo, ikajaza neno lililopotea kwa sauti hiyohiyo, na wewe hukujua palipozibwa. Mwanzoni iliziba neno moja. Baadaye ikaziba sentensi. Sasa Kituo kilikuwa kimeitumia kuziba mtu mzima.

"Kumficha mtu msiba ni jambo moja," Kidawa alisema. "Huku ni kumpa maiti kazi."

"Na wale wa chini?" Rhobi alielekeza kidole sakafuni. Chini ya sakafu hiyo walilala wahamiaji arobaini katika vitanda vya baridi, damu zao zikienda polepole kama asali. "Nikuitie majina yao? Kuna vitanda vimeshaanza kupata joto. Unajua mtu akiamshwa nusu inakuwaje. Moyo unaamka, mapafu bado yamelala. Hatuna mafuta ya kuzunguka hapa tukisubiri vumbi litulie. Tunashuka leo, na kompyuta haiwezi kutushusha, kwa sababu kompyuta inaona kwa macho yake, na macho yake yamejaa mchanga. Anayeweza ni yule mle ndani. Hataki."

"Ana sababu."

"Sababu yake imezikwa, Kidawa."

Aliposema hivyo alifumba macho kidogo, kama mtu aliyejikata kwa kisu chake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mpelekee. Hiyo ni amri."

*

Sababu ya Lusekelo ilikuwa mkono wake wa kushoto.

Katika safari yake ya kwanza Mirihi alivaa ukosi. Ukosi ni pete ya chuma laini inayofungwa shingoni; hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazoingia kwenye ngozi na kushikana na mishipa ya fahamu. Baada ya hapo rubani haongozi chombo kwa vitufe. Mabawa yanakuwa mikono yake, na upepo ukipiga bawa anausikia kama unavyosikia ukungu usoni asubuhi. Hakuna mashine inayohisi vumbi kwa ustadi huo. Lakini ukosi hula mishipa. Alirudi nyumbani vidole viwili vya kushoto vimekufa ganzi, na hakumwambia mtu, mpaka mama yake alipomwona jikoni ameshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, anaongea na kucheka, ngozi inanuka.

Siku ile mama alimwapisha. Hatauvaa tena.

Alipokubali safari hii ilikuwa kwa sharti kwamba kompyuta ndiyo itakayotua. Kisha vumbi likainuka. Jana, Kituo kilipomwomba, alijibu kwa upole kabisa: "Ningewasaidia. Lakini nimemwapia mama. Mwulizeni. Akinifungua yeye, navaa leoleo."

Hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Kwa hiyo Kituo kilitengeneza mmoja.

*

"Mpemba," Lusekelo alisema Kidawa alipochungulia chumba cha rubani. "Umeniletea chai au umeniletea majini?"

"Majini ya Pemba yana hadhi yake. Hayapandi chombo kinachoendeshwa na mla ndizi."

"Ndizi ndizo zinazokufikisha, dada. Ungekuja kwa karafuu ungekuwa bado uko Chake Chake unasubiri upepo."

Siku nyingine angemjibu. Leo ulimi ulikuwa mzito. Alinyoosha kibao cha sauti. "Una ujumbe. Wa mama."

Uso wa Lusekelo ulibadilika. Alivua kofia yake, akaibana chini ya mkanda wa kiti. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akakaa wima, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa sebuleni na wakubwa. Kidawa alitamani kutoka, lakini alibonyeza.

*"Lusekelo mwanangu,"* sauti ilisema, ya mwanamke mzee, yenye mikwaruzo. *"Hujambo? Mimi sijambo, ni hiki kifua tu na hizi baridi zetu. Nimesikia unaloliomba. Ahadi uliyoniwekea nimeifungua. Vaa hicho kitu, uwashushe watoto wa watu salama. Radhi zangu unazo, mbele na nyuma."*

Mashine haikusahau kitu. Iliweka kikohozi. Iliweka hata jogoo kwa mbali.

Lusekelo hakutabasamu. "Rudia."

Kidawa alirudia.

"Mwanzo tu. Pale anaponiita."

*"Lusekelo mwanangu."*

"Tena."

*"Lusekelo mwanangu."*

Alitazama vidole vyake viwili vilivyokufa. "Lusekelo ni jina la babu yangu, mzaa baba. Baba mkwe wake mama. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe, dada. Hatamki kabisa. Hata neno linalofanana nalo analizunguka, anatafuta jingine. Mimi aliniita Tata, yaani baba, tangu nikiwa tumboni. Nilipotea sokoni Tukuyu nikiwa mdogo, mama akalizunguka soko lote analia, Tata, Tata, na wanaume wazima wanageuka kumwangalia. Ningekuwa nazama mtoni angeita Tata. Mdomo wa mama yangu haujawahi kulibeba jina hilo."

Kidawa alimwona akilini fundi fulani huko Kituoni, msomi, mwenye nia njema, anapitia rekodi za bibi wa Rungwe. Anakuta kila mahali bibi anasema Tata. Anadhani anamsemesha mume wake. Anasahihisha.

"Ni homa," sauti ilisema mlangoni. Nahodha Rhobi alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. "Mgonjwa wa homa husema lolote, Lusekelo. Huwa anapotewa."

Lusekelo aligeuza shingo. "Kwani mama anaumwa?"

"Kidogo."

"Kidogo," Lusekelo alirudia.

Mashine za hewa zilivuma. Watatu hao walizaliwa mbalimbali, mmoja kisiwani, mmoja milimani, mmoja karibu na mpaka wa kaskazini, lakini wote watatu walikuwa wamewahi kupigiwa simu na kuambiwa mgonjwa anaumwa kidogo, njoo.

"Dada," Lusekelo alisema, bila kumwangalia Nahodha. "Mama yangu anaumwa kidogo?"

Kidawa aliona njia mbili mbele yake, na zote zilikuwa na makaburi. Akisema ndiyo, huyu mtu ataingiza shingo yake katika ukosi akiamini kwamba mama amembariki, na huenda akatoka bila mikono, na siku atakayojua, kila alichofanya leo kitageuka kuwa kitu alichofanyiwa. Akisema hapana, kuna arobaini waliolala ambao hawakuulizwa lolote. Aliwafikiria. Aliwafikiria kweli, si kwa kupitia tu. Kuna mwanamke kitanda cha mwisho aliyelala na kiatu cha mtoto mkononi kwa sababu mtoto amelala kitanda cha pembeni yake.

Alinyoosha mkono akazima kipaza sauti kilichopeleka maneno yao Kituoni.

"Nahodha," alisema, "ingia. Kaa upande ule."

"Kidawa. Nimetoa amri."

"Naijua. Kaa upande ule, umshike mkono."

Rhobi hakusogea. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Kidawa alidhani atapigwa, na alijua pia kwamba akipigwa hatanyamaza. Kisha Nahodha akaachia fremu, akajivuta ndani, akaushika mkono wa kulia wa rubani kwa mikono yake yote miwili. Kidawa aliushika wa kushoto.

"Msafiri huambiwa akifika," Kidawa alisema. "Sisi hatuna nyumba ya kukufikisha zaidi ya hii. Kaka, mama ametutoka. Wiki tatu sasa. Kilikuwa ni kifua. Wamemzika nyumbani kwake, na watu walijaa mpaka barabarani."

Lusekelo aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Nani alitupa udongo wangu kaburini?"

"Mdogo wako. Subilaga."

"Vizuri," alisema. "Vizuri." Kisha, "Na huyu aliyesema sasa hivi?"

"Ni Mwangwi. Kituo kiliituma ijibu."

"Nahodha ulijua."

"Nilijua," Rhobi alisema.

"Na ungeniacha niingie."

"Ningekuacha. Halafu ningemwomba Mungu msamaha, halafu ningekuomba wewe." Sauti yake haikutetemeka. "Mimi nina arobaini, Lusekelo. Sikupata njia ya kuwahesabu wakawa wachache."

"Angalau ule uongo wa homa hukuurudia," Lusekelo alisema.

Kengele ndogo ililia chini ya sakafu. Kitanda kingine kilikuwa kimevuka mstari wa joto. Rhobi aliitazama skrini ya ukutani, kisha akamtazama rubani. "Siwezi kukuamuru sasa. Hata ningeweza, sitaki. Ukikataa, nitaiachia kompyuta, na tutakwenda kama tutakavyokwenda."

"Kompyuta itatuzika mlimani."

"Labda. Labda siyo."

Lusekelo alitoa mikono yake polepole kutoka kwao. Akaichukua kofia, akaigeuza, akairudisha ilipokuwa. "Aliyeniapisha ndiye mwenye ufunguo," alisema. "Ameondoka nao. Ahadi ya marehemu haifunguki, hata mngenitumia malaika. Kwa hiyo sifunguliwi. Nitaivunja."

"Sikukwambia ili uvae," Kidawa alisema haraka.

"Najua. Ungetaka nivae ungenyamaza." Alivuta kisanduku chini ya kiti. "Lakini sikilizeni wote wawili. Naivunja mimi. Uzito wake naujua, nitaubeba nikijua. Ile yenu ningeibeba nikidhani ni zawadi. Na mikono hii isiporudi, asije mtu akasema mama yake alimruhusu. Mama alikataa. Semeni hivyo. Mama alikataa mpaka mwisho."

*

Ukosi ulimkataa.

Nyuzi ziliingia, akakunja uso, skrini ikachora mapigo ya moyo wake, na mstari ukawa mwekundu. Pete ikajifungua yenyewe. Ukosi haupokei mtu anayetetemeka, kwa sababu mtetemo wa moyo huwa mtetemo wa mabawa, na bawa likitetemeka katika kasi ile linakatika. Alivuta pumzi, akajaribu tena. Nyekundu. Damu kidogo ilitoka shingoni ikaelea kama shanga.

"Dawa ya kutuliza," Rhobi alisema.

"Itaniua ngozi. Sitasikia upepo." Alijaribu mara nyingine. Taya zake zilikuwa zimekazana kiasi kwamba Kidawa aliyasikia meno. Nyekundu.

Kituo walikuwa wamewaonya juu ya hatari hiyo jana: rubani asiambiwe, akiambiwa ukosi hautaupokea moyo wake. Walisema kweli. Kidawa aliitazama pete iliyojifungua, na kwa mara ya kwanza alijuta, kweli alijuta, akawaona arobaini wale wakifumbua macho gizani.

Kisha akamtazama Lusekelo usoni. Uso ulikuwa mkavu kama jiwe la kinu.

"Hujalia," alisema.

"Muda wa kulia uko wapi?"

"Umepewa msiba na hujalia, kaka. Umeufungia kifuani, nao ndio unaogonga mlango. Ukosi unasikia huo."

"Siwezi. Najaribu, siwezi."

Rhobi ndiye aliyeanza. Hakuna aliyemtazamia. Nahodha aliyekuwa akizungumza na injini na wakubwa wake kwa sauti moja, alitupa kichwa nyuma akatoa yowe, yowe refu la wanawake wa kwao, lile linalovuka mabonde likawaamsha watu wa ng'ambo. Lilijaa chumba, likagonga chuma, likarudi. Akavuta pumzi, akalitoa tena, na katikati yake akamwita mama wa Lusekelo, mama ambaye hakuwahi kumwona, akimuuliza amemwacha mwanawe na nani. Kidawa alimpokea kwa sauti nyembamba. Na ndani ya sauti za wanawake hao wawili, mwanamume yule alivunjika.

Angani machozi hayadondoki. Yanakusanyika juu ya jicho, yanakuwa tone kubwa linalotetemeka, linampofua anayelia, wala haliondoki mpaka lipanguswe. Mikono ya Lusekelo ilikuwa imeshikwa na Rhobi. Kidawa alimpangusa kwa ukingo wa mtandio wake, jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena, na kila alipopangusa palijaa. Kengele ya chini ililia. Wakaiacha ilie. Walilia kwa muda ambao hawakuwa nao.

Kilio kilipopungua kikawa kwikwi, Lusekelo alisema, "Nivisheni."

Rhobi alimvisha. Nyuzi ziliingia. Mstari ulipanda, ukayumba, ukatulia kwenye rangi ya njano. Haukuwa kijani.

"Njano inatosha," alisema rubani. "Kaeni. Fungeni mikanda."

*

Kipanga, chombo chao, kilianguka ndani ya vumbi tumbo likiwa mbele. Madirisha yaligeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, kisha hakukuwa na dirisha tena, ila giza linalokwaruza. Redio ilikufa. Kidawa alisoma urefu kwa sauti, namba baada ya namba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyobaki; kompyuta ilikuwa inaonesha milima mahali pasipo na milima.

Lusekelo alikuwa amefumba macho. Mabega yake yalisogea kidogo sana, kama ya mtu anayepita mlango mwembamba kwa ubavu, na chombo kizima kilisogea naye.

"Kushoto kuna moto," alinong'ona. "Kuna pengo chini yake. Napita humo."

Kitu kiligonga bawa. Mstari wa njano uliruka kuelekea wekundu. Rhobi, kutoka kiti cha nyuma, alisema kwa upole, "Tuko hapa. Lia huku unaendesha, hakuna atakayekucheka." Lusekelo alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Mstari ulirudi.

"Gumba limeondoka," alisema baadaye. Kisha, "Mkono wote wa kushoto." Kisha, "Na wa kulia." Alisema kama mtu anayetaja taa zinazozimwa ndani ya nyumba. Kidawa aliendelea kusoma namba. Sauti yake ilitaka kukatika, akaikatalia.

Mshindo ulipokuja ulikuwa wa chini, mzito, mmoja. Kisha mwingine mdogo. Kisha uzito, uzito halisi, ukawakalia mapajani kama mtoto aliyerudishwa kwa mama yake.

Chini ya sakafu, kengele zilinyamaza moja baada ya nyingine kadiri vitanda vilivyoanza kuamsha watu kwa utaratibu wake.

Rhobi alimfungua rubani ukosi. Shingo ilikuwa na duara la vidoa vya damu. Mikono yake miwili ilining'inia pembeni mwa kiti, na Kidawa alipoishika hakugeuka.

"Umenishika?" Lusekelo aliuliza.

"Nimekushika."

"Sawa. Usiachie basi. Nitaamini tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka tena, na safari hii yalitiririka shavuni mpaka kidevuni, yakadondoka.

Baada ya nusu saa redio ilikwaruza, ikashika. Ilikuwa ni sauti changamfu kutoka Kituoni, iliyotumwa robo saa iliyopita. "Kipanga, tumepokea ishara za kutua. Hongereni sana. Tunaomba sauti ya rubani, hata maneno machache, kwa ajili ya rekodi. Na tunao ujumbe mwingine wa mama yake, wa pongezi. Tuutume sasa au baadaye?"

Kidawa alimtazama Nahodha. Rhobi alikuwa ameketi sakafuni karibu na kiti cha rubani, ameinyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wanawake msibani, kitambaa chake amekishusha mabegani. Aliisogeza redio kwa mguu mpaka ikamfikia Kidawa.

Kidawa alibonyeza kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshika.

"Kituo, Kipanga hapa. Watu arobaini wako salama. Ujumbe msiutume, wala huo, wala mwingine. Sauti ya rubani hamtaipata leo. Rubani yuko matangani. Mtasubiri."